Bwana Laini na Kitasa cha Mtunza Ghala

Shemeji yangu anachukia kitu chochote kinachojitokeza. Msumari ukichomoza ukutani ataung'oa, hata kama umeshikilia kalenda. Mwezi aliohamia kwetu alitoa vishikio vyote vya kabati la jikoni, akaziba matundu kwa puti ya gari na kupaka rangi juu yake, na tangu hapo dada yangu hufungua droo ya visu kwa kisu. Kisu chenyewe hukaa juu ya friji, kwa sababu siku ya kwanza kilikuwa ndani ya droo. Redio ya sebuleni haina kifungo cha sauti. Inasema kwa sauti ileile iliyokuwa nayo siku alipokipachua, ya chini chini, kama mgeni anayesengenya chumba cha pili. Ukimuuliza atakuambia nyumba sasa imetulia.

Gereji wanamwita Laini. Mwenyewe husema jina alipewa na wateja. Mimi nilikuwepo siku alipojipa: alikuwa kwenye simu na mtu asiyemjua, akamwambia, "Ukifika ulizia Laini, mtoto yeyote atakuonyesha." Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyemjua mtu wa jina hilo. Akawa anarudia maneno hayo kwa kila aliyepiga, mpaka watoto wakajua.

Ni fundi bodi. Haki yake nitampa hapa mara moja, nisilazimike kuirudia: bati lililobonyea hulirudisha vizuri. Ana nyundo ndogo na kipande cha chuma cha kushikilia upande wa pili, na akishapiga taratibu kwa ndani na nje, mlango uliogongwa na lori unakaa kama haukuwahi kukutana na lori. Angebaki hapo, angekuwa mtu wa maana. Lakini siku moja mteja alimwonyesha kwenye simu picha ya gari la mtu fulani, mbali huko, lisilo na vitasa milangoni. Ubavu mtupu, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, kama yai. Laini aliiangalia picha ile jinsi wengine wanavyoiangalia picha ya mchumba. Chakula cha jioni hakukigusa.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unatoa kitasa cha mlango, kishikio na tundu la ufunguo pamoja. Pengo linalobaki unaliwekea kiraka cha bati na kulichomelea nukta kwa nukta, polepole, maana ukiliharakisha bati linapata joto na kukunjamana. Unasaga, unapaka puti, unapiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, kisha unapuliza rangi. Ndani ya mlango unafunga kimota cha umeme kinachovuta fimbo ya komeo. Ukibonyeza rimoti, mlango unasema tap! na kuruka nje upana wa kidole. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote. Umechukua kitu ambacho mtoto anaweza kukifungua, ukakifanya kiombewe ruhusa.

Na watu wanakuja kuona! Wanaokuja wengi hawana gari, na Laini mwenyewe hana. Hajawahi kuwa nalo. Wanasimama gerejini mikono nyuma, mmoja wao anapeleka kiganja kwenye mlango na kukitembeza pale palipokuwa na kitasa, akifumba macho.

"Husikii kitu," anasema.

"Husikii kitu!" wanaitikia wenzake.

Mkubwa wao ni jirani yetu muuza matairi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye duka lake linatazamana na gereji na ambaye sijawahi kumwona akiuza tairi. Siku moja nilitumwa kumpelekea shemeji ufunguo wa nyumba aliousahau, nikamkuta muuza matairi ameegemeza shavu kwenye mlango wa gari la mteja.

"Shemeji yako huyu," akaniambia bila kuinua shavu, "si fundi. Ni mchongaji."

"Mwache shemeji," Laini akasema. "Yeye ni mtu wa vitabu. Vitabu vyenyewe vina kona nne."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikampa ufunguo wake, nikaondoka. Kwamba mtu anayeishi kwa kuziba matundu ya ufunguo angeshindwa kuingia kwake kwa kukosa ufunguo, hilo halikumchekesha hata mmoja wao.

Sasa, katika nyumba yetu kulikuwa na kitu kimoja ambacho Laini hakuwa amekigusa, nacho kilikuwa gari la dada.

Lilikuwa gari la marehemu baba. Baba alikuwa mtunza ghala. Alitembea na mkungu wa funguo mzito kama jiwe la mizani, na ufunguo wa gari aliufunga humohumo pamoja na za ghala. Kila alipofungua mlango, funguo nyingine zilining'inia na kuyumba, zikikwaruza rangi. Kwa miaka yote ile zilichora chini ya kitasa alama kama mwezi mchanga, ikaingia mpaka kwenye bati. Alipougua, dada ndiye aliyempeleka na kumrudisha hospitali kwa gari hilo, na baba alipoona safari yake ya mwisho imekaribia aliukwanyua ule ufunguo mmoja kutoka kwenye mkungu, akampa. "Hili lako. Lisikutoke." Mimi nikapewa saa ya ukutani, ambayo kwa bahati nzuri inajitokeza kidogo tu.

Dada ni mshonaji. Alianza na sare za shule, akaja kwenye magauni ya sherehe, na alitaka kufika kwenye magauni ya harusi, maana anasema humo ndimo mshonaji anapopimwa. Gauni la harusi hulipeleki kwa mteja ukiwa umelikunja mfukoni. Bila gari, dada angebaki kwenye sare. Alilijua hilo, mimi nililijua, na Laini alilijua vizuri kuliko sisi.

Alisubiri mpaka dada alipokwenda mji mwingine kununua lesi. "Niachie gari," alimwambia, "nikunyooshee bampa tu." Dada akaacha gari la kijani lenye vitasa vinne. Aliporudi alikuta kitu cheupe, rangi ya maziwa, kimesimama mbele ya nyumba. Kilikuwa hakina vitasa, hakina antena, hakina nembo. Kilifanana na sabuni iliyotumika nusu.

Laini alikuwa amesimama kando yake kwa shati safi.

"Umeonaje?"

Dada aliweka mizigo chini. Alikwenda upande wa dereva, na mkono wake ukaenda wenyewe mahali pa kitasa. Ukateleza.

"Kitasa kiko wapi?"

"Nimekutolea."

"Nimekuuliza kiko wapi. Sijauliza nani kakitoa."

"Mke wangu, kile kilikuwa kinaharibu mstari. Sikiliza. Jicho linatoka hapa kwenye taa, linakwenda, linakwenda, likifika pale linajikwaa."

"Jicho la nani?"

"La mtazamaji."

"Na jicho la mwenye gari?"

"Mwenye gari yuko ndani. Haoni."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgonjwa kwamba dawa ni chungu. Kisha akampa rimoti nyeusi, ndogo. Zilikuwa mbili. Ya pili aliirudisha mfukoni mwake.

"Hiyo ya nini?" dada akauliza.

"Ya kuonyeshea."

"Na betri ikifa?"

Laini akacheka, akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika mzigo mlangoni, kana kwamba nami ningecheka. "Unadhani sijafikiria? Kuna waya wa dharura. Ukiuvuta, mlango unafunguka bila umeme. Wenzangu huuning'iniza chini ya gari, nyuma ya gurudumu, kama uzi uliochomoka kwenye suti. Mimi wangu nimeuficha mahali pasafi. Hata wewe huwezi kuuona."

Dada alikwenda kwa miguu mpaka gereji, akapindua pipa la vyuma chakavu, akapekua mpaka akakipata kitasa cha mlango wa dereva. Alikifuta kwa kanga, akachomeka ufunguo wa baba, akauzungusha. Ukazunguka. Akakitia kwenye kopo lake la vifungo pale kando ya cherehani, akaendelea na kazi.

Kuanzia hapo gari lilikuwa lake kwa jina tu. Jioni akirudi na kuegesha, Laini angetoka na rimoti yake ya kuonyeshea, muuza matairi angevuka barabara, na tungewasikia huko nje: tap! Mlango wa mbele. Tap! Wa nyuma. "Tena!" Tap! Muziki wa gari umefunguliwa, injini imezimwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kinajitembeza bila kuondoka kilipoegeshwa. Dada alikuwa akishona ndani, na kila mlango uliporuka sindano yake ilisimama kidogo.

Alichokuwa akishona ni gauni la harusi la kwanza katika maisha yake. Aliyeleta kazi ni shangazi wa bibi harusi, mwanamke mrefu, mwenye duka la vitambaa, aliyemwambia dada waziwazi: "Wapwa ninao wengi, na wote wataolewa, Mungu akipenda. Huyu wa kwanza nakuletea nikuone." Kwa hiyo dada hakushona gauni tu. Alishona kila gauni litakalofuata. Mkia wake ulikuwa mrefu, wenye lesi iliyotiwa shanga ndogo kwa mkono, na shanga nyingine nilizipanga mimi kwenye uzi nikiwa nimekaa sakafuni, maana kitanda chote kilikuwa cha gauni.

Asubuhi ya harusi tulitandika shuka safi kwenye kiti cha nyuma, tukalilaza gauni juu yake kama mtoto aliyelala, na mkia tukaupitisha katikati mpaka kiti cha mbele cha abiria. Dada akafunga milango taratibu. Akarudi ndani kuoga na kuchukua shela na kikapu cha sindano. "Nakwenda na kurudi," akasema. "Mtu asiliguse."

Laini hakuligusa gauni. Aligusa rimoti.

Nilikuwa dirishani. Muuza matairi alikuwa amevuka barabara, na safari hii alikuja na shemeji yake aliyefika kutembea.

"Mwonyeshe," alisema muuza matairi. "Huyu hajawahi kuona."

"Kuna gauni ndani," Laini akasema.

"Kwani gauni litakimbia?"

Tap! Mgeni akaruka nyuma, wakacheka. Wakaurudisha mlango. "Huu wa nyuma?" Tap! "Na ule?" Tap! Wakarudisha. Muziki ukafunguliwa ili mgeni asikie spika, na mgeni akasikia spika. Tap, mlango ukasema mara nyingine, kama mtu anayejibu akiwa usingizini. Muziki ukadidimia na kukatika. Wakaurudisha mlango ule pia, wakaukandamiza ukaingia vizuri sana, bila hata pengo la kupitisha unywele. Laini anajivunia mapengo yake.

Akabonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena. Akahamishia rimoti mkono wa kushoto, kana kwamba gari lilikuwa limeudhiwa na mkono wa kulia. Akaipuliza. Akaifuta kwenye suruali. Akainyanyua juu ya kichwa, kama anayetafuta mtandao.

"Labda betri ya rimoti," alisema muuza matairi.

Dada akatoka na shela mkononi. Aliwaangalia wote watatu, akaangalia gari, akabonyeza rimoti yake. Hakuna.

"Mmefanya nini?"

"Tulikuwa tunamwonyesha mgeni," akasema muuza matairi. Mgeni alikuwa ameshaanza kuvuka barabara kurudi.

Laini akatoa mfukoni ufunguo wake wa akiba wa gari. Nadhani mkono ulifanya hivyo kwa mazoea ya zamani, ya wakati alipokuwa binadamu. Alilizunguka gari akiwa ameunyoosha mbele, akitafuta pa kuuchomeka, na kila mahali palipofaa alikuwa amepaziba mwenyewe. Mlango wa dereva, laini. Wa abiria, laini. Vioo vimepandishwa vyote. Boneti inafunguliwa kwa mkono ulio ndani, chini ya usukani. Akasimama mbele ya gari ameshika ufunguo mzima, mzuri, unaong'aa, ambao duniani haukuwa na tundu.

"Waya wa dharura," dada akasema. "Vuta huo waya."

Laini akaendelea kubonyeza rimoti.

"Mtoto wa watu, waya uko wapi?"

"Uko pasafi."

"Wapi?"

"Kwenye buti."

Dada akaliangalia buti. Nalo lilikuwa limenyooka, halina tundu, halina kishikio.

"Na buti linafunguliwa kwa nini?"

Ikabidi muuza matairi amjibie, kwa ile sauti yake nyembamba: "Kwa rimoti."

Hapo ndipo gari la shangazi lilipoegesha nyuma yetu. Shangazi akafungua mlango wake kwa kishikio chake, akashuka akiwa ameshavaa vya harusini, amevipandisha kidogo visiguse vumbi.

"Bibi harusi ameshapambwa kichwa, anakaa na kanga," akasema. "Gauni liko wapi?"

"Lile pale," dada akasema.

Shangazi akainama kwenye kioo. "Naliona. Nimekuja kulichukua, sijaja kulitazama. Fungua."

"Betri imekufa, shangazi."

"Kwa hiyo? Betri ni ya kuwasha gari. Mlango una kitasa." Akautazama mlango. Akautazama tena, akausogelea, akapitisha kiganja kama wapapasaji wa gereji, ila yeye hakufumba macho. "Vitasa vya gari hili vimekwenda wapi?"

"Nimevitoa," Laini akasema. Naapa alisimama wima kidogo aliposema.

"Wewe ni nani?"

"Mume wake. Fundi. Ni mtindo, mama. Mtindo safi."

"Umetoa vitasa vya milango, ukiwa na akili zako?"

"Jicho lisijikwae, mama."

"Lisijikwae!" Shangazi akamgeukia dada. "Mwenzangu, huyu mlimpa ruhusa ya kukaa karibu na vitu?"

Muuza matairi akaokota jiwe. "Tuvunje kioo kimoja tu, kile kidogo."

"Weka chini!" Dada alipaza sauti mpaka nami nikaruka. "Kioo cha gari kinavunjika kama chumvi. Kitaingia kwenye lesi yote. Nani atakiokota, wewe? Na bibi harusi akikaa chini mbele za watu?"

Muuza matairi akaweka jiwe chini polepole.

"Tumngoje fundi umeme," Laini akasema. "Nimempigia, hapatikani, lakini akipatikana atakuja. Kitu kizuri husubiriwa."

"Mwambie hivyo bwana harusi," shangazi akasema. "Naye atakwenda kukingoja kwingine."

Dada aliutazama mkia wa gauni kwenye kiti cha mbele, kisha akamtazama mumewe, na nikaona ameshaamua.

"Toboa," akasema.

"Nitoboe nini?"

"Mlango wa dereva. Pale pale ulipopaziba. Uingize waya uvute fimbo."

Laini akaegemeza mgongo kwenye mlango na kutanua mikono, kama mtu anayekinga watoto wake. "Mlango huu nimeupiga msasa kwa mkono!"

"Na lile gauni nimelishona kwa nini? Kwa miguu?"

"Puti itapasuka. Utaona alama. Kila mtu ataona alama."

"Sogea."

"Saa moja tu. Mke wangu. Nusu saa."

Dada aliingia ndani, akatoka na drili ya mumewe, ile anayoilaza chini ya kitanda ndani ya blanketi. Mimi nikapitisha waya wa umeme dirishani. Dada akasimama mbele ya mlango jinsi baba alivyokuwa akisimama, bega moja chini kwa uzito wa funguo ambazo hazikuwepo, akashusha mkono bila kutazama. Ulipotua, akaweka ncha ya drili hapohapo.

Laini alisogea. Alisogea mwenyewe, nataka lijulikane hilo. Hakusukumwa na mtu. Mtu aliye tayari kufa kwa ajili ya mlango hasogei kwa sababu mkewe kashika drili.

Puti ilitoka kwanza, nyeupe, ikamwagikia viatu vyake kama unga. Kisha vumbi la waridi la rangi ya chini. Kisha chuma. Dada akazungusha matundu pembeni ya kiraka, akagonga kwa nyundo, na kiraka kikaanguka ndani ya mlango kwa mlio mdogo, kama kijiko. Pembezoni mwa pengo ikachungulia rangi ya kijani. Nikampa henga ya chuma iliyonyooshwa, akaiingiza, akatafuta. Alivuta huku na kule. Fimbo haikushikika.

"Juu au pembeni?" akauliza.

Laini alikuwa ameinama akikusanya vumbi la puti kwa viganja.

"Mwambie, bwana," muuza matairi akasema. Hata yeye sasa alikuwa na haya. "Si mkeo?"

"Pembeni," Laini akaiambia barabara. "Kisha juu."

Pembeni, kisha juu. Mlango ukafunguka bila kusema tap.

Gauni lilitoka salama. Shangazi akalipokea mikononi, akalikagua palepale barabarani, lesi, shanga, mishono ya ndani, jinsi mwenye duka la vitambaa anavyokagua. "Haya," akasema. Kutoka kwake hilo lilikuwa shairi. Dada akapanda gari la shangazi na shela na kikapu chake, wakaondoka. Aliyemaliza kumfunga bibi harusi vifungo vya mgongoni ni yeye, na bibi harusi alitoka mbele ya watu kwa wakati, akakaa bila kuchomwa na kitu.

Huku nyuma Laini hakuuliza gauni limefikaje. Alileta kigoda, akakaa mbele ya pengo, akalitazama. Akaingiza kidole, akakitoa. Muuza matairi alijaribu kumfariji: "Unaweza kusema limegongwa." Ilipofika alasiri alikuwa ameshakata kiraka kipya na kuchanganya puti kwenye kipande cha mbao, na ndivyo dada alivyomkuta.

"Weka chini hiyo."

"Naziba tu. Kesho hutajua kama—"

Dada alipita ndani, akarudi na kopo la vifungo. Alichimbua humo kitasa cha baba, akampa.

"Rudisha."

"Hiki?"

"Hicho."

"Lakini kitaonekana!"

"Ndiyo kazi yake."

Laini akakigeuza kiganjani kana kwamba amepewa chura. "Basi niachie hata milango mingine mitatu."

"Hiyo kaa nayo. Rimoti lete. Zote mbili zitakaa kwangu. Ukitaka gari la kuonyeshea, nunua lako."

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Alirudisha kitasa jioni ileile, na alikirudisha vibaya makusudi, bila kupaka rangi pembeni, akitumaini siku moja ataambiwa akitoe. Kwa hiyo kimezungukwa na pete ya puti na kijani na chuma kitupu, katikati ya ubavu mweupe wa maziwa. Dada amekataza pete hiyo isirekebishwe. Shangazi ameshaleta mpwa wa pili, na juzi walikuwa wanapimana kiuno sebuleni huku redio ikinung'unika.

Ningependa kusema kwamba mtu alijifunza kitu. Gerejini walimuuliza Laini kile kitasa kimoja kinafanya nini pale, na pete ile chafu ni ya nini. Akawatazama kwa huruma. "Nyinyi bado mko kwenye laini tupu?" akawaambia. "Hiyo imeshapitwa. Sasa ni kitasa kimoja, dereva tu, na pembeni unaacha mbichi. Jicho linakwenda, linakwenda, linapata pa kupumzika." Wiki hiyohiyo muuza matairi alikuja na pikapu yake, ambayo vitasa vyake vyote viwili vilikuwa vizima. Akataka vitolewe, kisha kimoja kirudishwe. Alikaa pale mchana kutwa akimtazama Laini akichubua rangi nzuri kwa msasa ili ionekane mbovu, na walipomaliza akafumba macho na kupitisha kiganja.

"Unasikia?" Laini akamuuliza.

"Nasikia!"

Dada huenda kwa wateja wake na kurudi. Ufunguo wa baba ameufunga pamoja na mkasi mdogo na ufunguo wa nyumba, na vikining'inia hukwaruza rangi nyeupe chini ya kitasa, alama imeshaanza. Siku wakitoka wote wawili, yeye hufungua mlango wake, huingia, hurekebisha kioo, huweka mkoba, hutafuta miwani. Laini husimama upande wa pili, mbele ya mlango wake laini usio na pa kushika, mikono imening'inia. Hawezi kugonga, maana kugonga kutaonekana. Anasubiri mpaka mkewe amalize, ajinyooshe, amfungulie kwa ndani.

Siku nyingine miwani inachelewa sana kuonekana.